Ugomvi Kwanza, Mapenzi Baadaye: Namna Romeo na Juliet Inavyofunguliwa

Tamthilia ya Romeo na Juliet inajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kuisoma wala kuiona jukwaani. Karibu kila mtu anajua kwamba kuna kijana na binti wanaopendana, kwamba familia zao hazipikiki chungu kimoja, na kwamba mwishowe wote wawili wanafia kaburini. Kwa sababu hiyo, kikundi cha vijana ninachokisaidia hapa Mtwara kilipoanza kuipitia kwa Kiswahili, wengi wao walitarajia kukuta dirisha, mwezi na maneno matamu tangu mwanzo. Badala yake walikutana na watumishi wawili wenye panga na ngao wanaopiga soga mtaani, na pendekezo la kwanza, lililotolewa kabla hata hatujagawana wahusika, likawa ni kulifyeka onyesho hilo lote na kuanzia kwenye karamu ambako wapenzi wanakutana. Nilikataa. Sababu zangu siku hiyo nilizitoa kwa mdomo na kwa haraka, hivyo nimeona niziandike hapa kwa utulivu.

Inafaa kuanza na mahali ambapo tamthilia hii iliandikwa ichezwe. Shakespeare aliitunga mnamo mwaka 1595, muda si mrefu baada ya kumbi za michezo za London kufunguliwa tena, kwani tauni ilikuwa imezifunga kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1592 hadi 1594. Kumbi hizo zilikuwa wazi katikati, michezo ilichezwa mchana, hakukuwa na taa za kuzima wala pazia la mbele la kufungua, na watu wa kiingilio cha chini walisimama uani wakila, wakizungumza na kusukumana. Mtunzi hakukabidhiwa hadhira iliyokwisha kunyamaza. Ilimpasa ainyamazishe kwa mchezo wenyewe. Anayeigiza jioni kwenye uwanja wa wazi kule Mikindani, watoto wakikatiza mbele ya waigizaji, bodaboda zikipita barabarani na mama muuza mihogo ya kukaanga akiendelea na biashara yake, haelezwi jambo hili mara mbili. Mapenzi yanayonong'onwa hayawezi kuushinda uwanja kama huo. Vijana wawili wenye silaha, wanaotaniana kwa sauti kubwa na kutafuta mtu wa kumchokoza, wanaweza.

Kabla ya watumishi hao, hata hivyo, anatoka msemaji mmoja peke yake na kutoa soneti, yaani shairi fupi la mistari 14. Ndani ya mistari hiyo anaeleza kila kitu: mji ni Verona, nyumba mbili za hadhi sawa zina chuki ya zamani inayozuka upya, watoto wa nyumba hizo watapendana na kujiua, na hakuna kitakachozima hasira ya wazazi isipokuwa vifo vya watoto wao, na kwamba mchezo mzima utachukua muda wa saa mbili. Majina ya wapenzi hayatajwi, lakini mwisho wao umekwisha kutajwa. Katika mkusanyiko mkubwa wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa mwaka 1623 utangulizi huu haukuwekwa, ingawa ulikuwamo katika machapisho ya mwaka 1597 na 1599, na hata leo wapo waongozaji wanaouacha kwa kuhofia kwamba unamaliza utamu.

Mimi nauona ndio unaoleta utamu wenyewe. Sisi tuliokua tukisimuliwa hadithi zilezile usiku baada ya usiku hatukuwahi kulalamika kwamba mwisho tunaujua, kwa sababu tulichokuwa tukikisubiri ni namna msimulizi atakavyotufikisha huko na mahali atakapotucheleweshea. Utangulizi ukiondolewa, mabishano ya watumishi yanabaki kuwa kichekesho tu. Ukibaki, mtazamaji anacheka huku akijua kwamba upuuzi huu anaouchekea utazaa maiti, na hali hiyo ya kucheka kwa wasiwasi ndiyo inayomfungulia mlango wa tanzia. Vijana waliomba ngoma ipigwe kabla ya kuanza ili watu wakusanyike, nami nilikubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa huku kwetu uwanja huitwa kwa ngoma. Sharti langu lilikuwa moja tu, kwamba ngoma inyamaze kabisa kabla msemaji hajafungua kinywa.

Watumishi wenyewe ni Sampson na Gregory, wa nyumba ya Capulet, yaani nyumba ya Juliet. Wanaanza kwa kuchezea maneno, mzaha ukizaa mzaha, na Sampson anajigamba jinsi atakavyowafanya wanaume wa Montague, nyumba ya Romeo, na jinsi atakavyowafanya wanawake wao. Majigambo hayo ya pili ni machafu, na tuliyapunguza, kwa kuwa hatuwezi kuyasema waziwazi mbele ya wazee na wakwe. Mambo ya namna hiyo huku kwetu yana mahali pake na watu wake, na huko husemwa kwa mafumbo. Hata hivyo sikukubali yaondolewe yote. Mara ya kwanza uhusiano wa mwanamume na mwanamke unapotajwa baada ya ule utangulizi, unatajwa na mtu anayeuona kama ushindi wa vita. Lugha ya mapenzi katika mji huu imechafuliwa na chuki kabla wapenzi hawajaingia, na binti atakayeonekana baadaye, ambaye hajatimiza miaka 14, anaishi katika nyumba ambayo watumishi wake huzungumza hivyo. Mtazamaji asiposikia hata kidogo ya maneno hayo, hataelewa ni kitu gani Romeo na Juliet wanakiacha nyuma wanapoanza kuzungumza kwa namna yao.

Kisha wanatokea watumishi wa Montague, na hapa ndipo penye kipande ninachokipenda kuliko vyote katika onyesho hili. Sampson anataka ugomvi lakini hataki kuonekana ndiye aliyeuanza. Anauma kidole gumba mbele yao, ishara iliyokuwa tusi zito katika ulimwengu wa tamthilia hiyo. Mtazamaji wa Mtwara hataitambua ishara hiyo, kwa hiyo tuliiweka kando na kumfanya Sampson asonye. Mfyonzo mrefu, wa taratibu, huku akitazama pembeni. Abraham, mmoja wa watumishi hao wa Montague, anauliza kama wanasonywa wao. Sampson anajibu kwamba anasonya, ndiyo. Abraham anauliza tena: sisi? Hapo Sampson anamgeukia Gregory na kumuuliza kwa sauti ya chini ikiwa sheria itakuwa upande wao akisema ndiyo. Gregory anamwambia hapana. Basi Sampson anarudi kwa Abraham na kumweleza kwa adabu zote kwamba hakuwasonya wao, ila anasonya tu.

Tulipolijaribu jambo hili mazoezini, waliokuwa wamekaa pembeni wakisubiri zamu zao waliangua kicheko, na nadhani hakuna aliyehitaji maelezo, kwani nani hajawahi kusikia utetezi wa aina hiyo? Ninachotaka kionekane chini ya kicheko hicho ni swali la sheria. Mtu wa kwanza kuiuliza sheria inasemaje ni mtumishi mwoga anayetafuta upenyo wa kumtukana mwenzake bila kuwajibishwa. Onyesho hilohilo litakapokaribia katikati, mtawala wa mji atalijibu swali hilo kwa sauti kubwa kuliko Sampson alivyotegemea.

Baada ya hapo ugomvi unapanda ngazi. Anaingia Benvolio, ndugu wa Romeo, anachomoa upanga ili awatenganishe; anaingia Tybalt, mpwa wa mama Capulet, anamkuta ana upanga mkononi na kutamka kwamba neno amani analichukia kama anavyoichukia jehanamu, kama anavyowachukia Montague wote. Raia wanatoka na marungu wakiwa wamechoshwa na pande zote mbili, jambo ambalo vijana wangu walilicheza kama sungusungu bila mimi kuwaelekeza. Halafu wanafika wazee wenyewe. Capulet ametoka na joho lake la nyumbani na anaitisha upanga mrefu. Mkewe anamuuliza kwa nini asiitishe mkongojo. Montague anataka kujitupa ndani ya vurugu. Mkewe anamshikilia na kumwambia hatasogeza hata unyayo mmoja kumfuata adui. Wake hao wawili wana maneno machache sana hapa, lakini mwigizaji mzuri akiyashika vizuri, tunajua papo hapo kwamba uhasama huu unaendeshwa na wanaume ambao wake zao wamekwisha kuchoka nao.

Mpangilio huu haukuja kwa bahati. Shakespeare alikitoa kisa hiki katika utenzi mrefu wa Arthur Brooke uliochapwa mwaka 1562, na katika utenzi huo uhasama unaelezwa na msimulizi kwa maneno. Mapigano ya mtaani yanakuja baadaye, wapenzi wakiwa wamekwisha kuoana. Shakespeare aliyaleta mapigano mbele kabisa na kuyafanya yaonekane kwa macho, tena akayaanzisha kwa watu wa chini kabisa. Matokeo yake ni kwamba tunaona chuki ikitembea kutoka kwa mtumishi hadi kwa bwana, ilhali mtu angetarajia bwana ndiye amwambukize mtumishi. Chanzo chake hakitajwi popote katika tamthilia nzima. Kijana mmoja aliniuliza kama tungeweza kubuni chanzo, pengine shamba au mahari iliyodhulumiwa, ili watazamaji waelewe. Nilimwambia kwamba tukiwapa chanzo, watazamaji wataanza kuamua nani ana haki, na wakishakuwa na upande hawatawalilia watoto wa pande zote mbili.

Mtawala wa Verona anaingia na watu wake, nao hawamsikilizi mara moja. Inambidi aanze upya na kuwatisha kwa mateso ndipo watupe silaha. Anasema kwamba vurugu tatu zimekwisha kuuchafua mji kwa sababu ya neno tupu, na kwamba wakivunja amani ya mitaa tena, watalipa kwa roho zao. Hii ndiyo hukumu inayoibeba tamthilia yote. Kabla ya dakika hiyo, kupigana ni tabia mbaya. Baada yake, kupigana ni kifo. Tybalt atakapomuua Mercutio, rafiki wa Romeo, na Romeo atakapomuua Tybalt, adhabu itakuwa imekwisha kutangazwa mbele yetu, na mtawala atakapoipunguza kuwa kufukuzwa mjini, kufukuzwa huko ndiko kutakakowatenganisha mume na mke waliooana siku hiyohiyo. Mtawala anaonekana mara tatu tu: hapa, katikati baada ya vifo hivyo viwili, na mwishoni kaburini, ambako anakiri kwamba yeye naye amepoteza jamaa zake kwa kufumbia macho magomvi ya watu hao. Nilimsihi kijana anayeigiza nafasi hiyo asipige kelele kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mkali anayejua kwamba amechelewa kuwa mkali anatisha zaidi.

Kisha jukwaa linamwagika watu. Hili ni jambo la kiufundi ambalo msomaji wa kitabu hulipita, lakini mwongozaji hawezi kulipita. Dakika moja kuna umati, marungu na vumbi. Dakika inayofuata wamebaki watu watatu, baba, mama na Benvolio. Katika ukimya huo mama anauliza, "Yuko wapi Romeo?" na kusema amefurahi kwamba hakuwamo katika ugomvi. Baada ya utangulizi usiotaja majina, hivi ndivyo jina la Romeo linavyotufikia kwa mara ya kwanza, kupitia wasiwasi wa mama. Mama huyo hatatuzungumzia tena kwa urefu. Mwishoni tutaambiwa kwamba amekufa kwa majonzi baada ya mwanawe kufukuzwa. Ukilijua hilo, swali lake dogo linapata uzito ambao mwigizaji wetu, binti mpole wa Chikongola, aliuona kabla yangu.

Benvolio anaeleza kwamba alimwona Romeo kabla ya jua kuchomoza, chini ya mikuyu magharibi ya mji, akimkwepa kila mtu. Baba anaongeza kwamba kukipambazuka kijana hukimbilia chumbani, hufunga madirisha na kujitengenezea usiku wake mwenyewe. Sijui ni watazamaji wangapi watakaokumbuka madirisha hayo watakapofika kaburini, lakini mtunzi aliyaweka pale makusudi: kijana ambaye hatujamwona bado, tunachokijua juu yake ni kwamba anaikimbia nuru. Na yote haya, vurugu, hukumu, wasiwasi wa wazazi, yametokea Jumapili asubuhi. Romeo anapoingia na kuuliza saa, anaambiwa ndiyo kwanza imegonga saa tatu. Kufikia alfajiri ya Alhamisi atakuwa amekufa. Brooke alikitandaza kisa kwa miezi. Shakespeare alikibana ndani ya siku nne na ushei, na onyesho la kwanza tayari linakwenda kwa mwendo huo.

Mpaka Romeo anaingia, zaidi ya mistari 150 imekwisha kupita. Anapoingia, anampenda mwanamke mwingine. Jina lake, Rosaline, litatajwa katika onyesho la pili. Hapa anaombolezewa tu, na Juliet hatajwi kabisa. Vijana walikerwa na jambo hili kuliko lote, na baadhi yao walihisi kwamba linamshusha Romeo, kwamba mwanamume anayehama moyo kwa jioni moja hastahili machozi yetu. Hoja hiyo siidharau. Lakini sikilizeni anavyozungumza: unyoya wa risasi, moshi unaong'aa, moto baridi, afya iliyougua. Ni maneno ya kijana aliyejifunza mapenzi kwenye mashairi na anayefurahia kuteseka kwake. Hakuna anayemjibu kwa lugha hiyo, wala mwanamke anayemsifu hatutamwona hata siku moja akizungumza naye jukwaani. Tutakapofika kwenye karamu, Romeo na Juliet watatunga pamoja soneti nzima ya mistari 14, huyu akianza na yule akipokea, bila kupanga. Tofauti kati ya kupenda peke yako na kupendana haielezwi na mtu yeyote katika karamu hiyo. Tunaisikia kwa masikio, na hatuwezi kuisikia kama hatukumsikia Romeo huyu wa mwanzo akijiimbia mwenyewe.

Zaidi ya hayo, katikati ya maombolezo yake anaona dalili za ugomvi uliomalizika. Anauliza ilikuwa vurugu gani, kisha anakatiza jibu, kwa maana amekwisha kusikia yote. Hapa, anasema, kuna mengi ya chuki, lakini ya mapenzi ni mengi zaidi. Ni msichana wa ukoo wa Capulet anayemlilia, ingawa sisi hatujaambiwa bado. Chuki na mapenzi vinakutana katika mstari mmoja, kinywani mwa kijana ambaye ana dakika chache tu tangu aingie.

Nikilinganisha na tanzia nyingine mbili za mapenzi za mtunzi huyuhuyu, naona desturi yake. Othello inafunguliwa usiku, Iago na Roderigo wakipiga kelele chini ya dirisha la baba wa Desdemona, mke wa Othello, na ndoa ya wapenzi inatufikia kwa maneno ya kashfa. Jina la Othello halitamkwi hata mara moja katika onyesho hilo zima. Antony na Cleopatra inaanza na askari anayelalamika kwamba mkubwa wake amepumbazwa na mapenzi, kisha wapenzi wenyewe wanaingia. Kila mara mapenzi yanatanguliwa na watu wa pembeni, na kila mara watu hao ni sehemu ya kitakachoyaua. Hata Juliasi Kaizari, ambayo wengi wetu tuliisoma katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere na ambayo si tamthilia ya mapenzi, inaanza na mafundi barabarani wakikemewa kwa kusherehekea. Kati ya milango hii yote, naona ule wa Romeo na Juliet ndio mgumu zaidi kuutengeneza, kwa kuwa unatutaka tucheke, tuogope, tuhurumie na tukereke ndani ya onyesho moja, tena juani, mbele ya watu waliosimama.

Kwa hiyo onyesho limebaki, isipokuwa mizaha michache ya mwanzoni na maneno yasiyofaa mbele ya wakwe. Mwisho wake nao tumeuacha kama ulivyo. Benvolio, mpenda amani aliyeanza asubuhi kwa kutenganisha watu wa wengine, anajipa kazi ya kumtibu ndugu yake kwa kumtaka awatazame wasichana wengine, na anaapa kwamba atamfundisha kusahau au afe akiwa na deni hilo. Katika onyesho linalofuata, ni ushauri wake huo utakaompeleka Romeo kwenye karamu ya Capulet.